Kijana ana akili lakini kila siku anasahau kitabu: vile ilienda kwangu

Dadangu uliyeuliza juu ya kijana wako wa Gredi 7, ati kichwa iko sawa lakini anasahau vitabu, homuweki anaanza saa nne usiku na mwalimu amekuandikia "hajali", na sasa unafikiria kumpeleka bodingi, wacha nikujibu kwa urefu kwa sababu hiyo stori ni yangu kabisa, tofauti ni wewe uko Nakuru na mimi niko Kisumu.

Mimi si mwalimu, ni fundi wa mbao hapa Kibuye. Wangu alikuwa sawa tu, KPSEA, ule mtihani wa Gredi 6, akafanya vizuri, kisha kuingia JSS, yaani sekondari ya chini, mambo yakaharibika ndani ya mwezi mmoja. Nikaitwa shule nikaambiwa hafanyi kazi. Nikarudi nimewaka, nikamchapa, sitakuficha. Jioni mamake kuinua godoro afagie, akapata daftari la hesabu na ile kazi yote iko ndani, swali la kwanza mpaka la ishirini, majibu yamepigiwa mstari na rula. Alikuwa ameifanyia kitandani akasahau kuiweka kwa begi. Niliona aibu mpaka chakula ikanishinda.

Kesho yake nikiwa kazini nakata miguu ya stuli, nikaangalia mbao nikaona penseli yangu kila mahali. Miaka yote hii na bado siamini kichwa, kila kipimo naandika hapo hapo kwa mbao, na penseli inakaa kwa sikio ndio nisiitafute. Sasa mtoto wa miaka 12 nataka abebe kichwani masomo 9, walimu tofauti, kila mmoja na kazi yake na siku yake? Ile sehemu ya ubongo ya kupanga na kujizuia, hapa nyuma ya paji la uso, huendelea kukomaa mpaka mtu akaribie miaka 25. Kumpigia kelele "jipange!" ni kama mimi kumwambia kijana ninayemfunza kazi "pima!" na sijampa tepu.

Basi nikachukua kipande cha plaiwudi kilichobaki kwa kabati ya mteja, nikapaka rangi nyeusi, nikapigilia mlangoni. Mara ya kwanza niliandika vitu 14, kuanzia kupiga mswaki, na baada ya siku tatu ikawa ni kama ukuta tu, haioni. Nikafuta nikabakisha vinne: vitabu vya kesho, kazi iliyoisha, kalamu, nguo za PE. Begi inafungwa kabla ya chakula cha jioni na inalala pale mlangoni, yaani utoke uiruke.

Lakini kitu ilisaidia kushinda ubao ni kumuuliza kabla aanze, hii itachukua dakika ngapi? Hesabu akasema 10. Tukaangalia saa ya ukutani, ikaisha kwa 35, na hapo karibu dakika 12 alikuwa anatafuta rula na kuchonga penseli. Sikumgombeza, nikamwambia aandike tu pembeni, nilisema 10 ikawa 35. Wiki kadhaa akaanza kukaribia, na akaanza kuketi mapema bila kusukumwa maana sasa anajua kazi yake inakula muda gani.

Ile miradi ya shule ya kuchora kwa karatasi za manila nayo, si hutumaliza sote? Inapeanwa Jumatatu, wewe unaambiwa Jumapili usiku duka zimefungwa. Siku hizi ikipeanwa tu tunaigawanya, leo ulizia bei, kesho chora kwa penseli, keshokutwa paka rangi. Kuna moja aliachilia makusudi nione kama nitakimbia dukani. Sikukimbia. Alikemewa huko akarudi amenuna, mimi pia iliniuma.

Kumlipa pesa akikumbuka haikufanya kazi. Alamu ya simu pia, akiishika kuzima alamu anaingia gemu.

Ah, na ajua, ule mchezo wa bao wa kokoto! Babu yake alimfunza likizo ya Agosti. Unahesabu kokoto kichwani, unajizuia kukimbilia kula, mpango ukiharibika unageuza. Siwezi kuapa kwamba ilimsaidia shuleni, lakini aliketi saa nzima, huyo huyo tunaambiwa hatulii.

Usitarajie iende moja kwa moja. Nilianza nikiandika mimi ubao, kisha akawa anaandika yeye mimi nasoma, kisha nikanyamaza, na kila tukifungua muhula anarudi nyuma kama wiki mbili hivi. Na kama wako amekuwa hivyo tangu akiwa mdogo, nyumbani na shuleni, mpeleke apimwe macho na masikio, halafu uulize mwalimu mkuu kituo cha EARC cha karibu na nyinyi, pale wanatathmini watoto wenye shida ya kujifunza.

Kuhusu kumpeleka bodingi, mimi singeharakisha. Kule kengele na matroni ndio watakuwa wanamkumbukia, akirudi likizo utampata pale pale. Plaiwudi nayo ukipita Kibuye nitakukatia bure, rangi ulete yako.