Gitaa Juu ya Meza: Jibu kwa Kijana Aliyeondolewa Bendi

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ambaye ameondolewa katika bendi ya kanisa lao kwa sababu, kwa maneno yake, anapiga vitu visivyojulikana na mtu. Alikuwa amesikia kwamba mwezi uliotangulia nilipiga gitaa peke yangu kwa dakika 40, gitaa likiwa limelazwa juu ya meza, mbele ya watu 60 waliolipa kiingilio na kukaa hadi mwisho. Akaniuliza, "Kaka, ulifikaje hapo?" Nilimjibu kwa sentensi mbili za haraka nikiwa ndani ya matatu, kisha nikaona aibu, maana swali hilo hilo nililiuliza mimi miaka 11 iliyopita na hakuna aliyejisumbua kunijibu.

Wakati huo nilikuwa mpiga solo wa bendi iliyotumbuiza hotelini kila Ijumaa na Jumamosi. Usiku mmoja, sebene ilipofika, yaani ile sehemu ya kasi ambapo gitaa hutawala, nilichomeka kitana chini ya nyuzi na kuanza kuzigonga kwa kijiti. Nilidhani nimegundua jambo. Kiongozi wetu aliniendea mbele ya wageni wote, akazima amplifaya yangu, na wimbo ukamalizika bila solo. Baadaye, tulipokuwa tukipakia vyombo nyuma ya jikoni, alinihesabia ujira wangu na kuniambia kwamba watu huja pale kula, hawaji kusikiliza mabati yakigongana. Sikuitwa tena. Nimewahi kupoteza kazi nyingine, lakini ni hiyo tu ninayoweza kuisimulia neno kwa neno.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu, fundi wa sauti, aliyeniletea flashi yenye santuri ya Fred Frith ya mwaka 1974 iitwayo Guitar Solos. Niliposikiliza mara ya kwanza nilihesabu wapigaji watatu. Kumbe Frith, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1949, aliyefunzwa fidla tangu akiwa na miaka mitano na kuligeukia gitaa akiwa na miaka 13, alikuwa peke yake, na vingi kati ya vipande hivyo alivibuni papo hapo.

Siri yake ilinichukua miezi kuielewa. Unapobana uzi shingoni, unaugawa sehemu mbili: ile iliyo upande wa mwili wa gitaa ndiyo tunayoisikia, na ile inayobaki nyuma ya kidole, kuelekea funguo za kutunia, nayo inaweza kulia, ila hakuna kinachoinasa sauti yake. Frith alichukua Gibson kuukuu ya mwaka 1936 na kuiongezea pikapu nyingine, yaani kinasa sauti cha nyuzi, juu ya nyuzi, mwishoni mwa shingo. Kila kidole kikawa kinazaa sauti mbili, na kidole kinaposogea, moja hupanda huku nyingine ikishuka. Nyuzi nyingine alizibana kwa vibanio vidogo vyenye meno, vile ambavyo mafundi wa umeme huunganishia nyaya. Vibanio hivyo nilivipata Luthuli Avenue asubuhi ile ile niliposoma habari zake. Muuzaji aliniuliza kama ninatengeneza redio, nami nikamwambia ndiyo, kwa kuwa maelezo yangekuwa marefu.

Baadaye Frith alilaza gitaa kabisa mezani na kulipiga kwa upinde wa fidla, vijiti vya ngoma, brashi za rangi, minyororo, hata mashine ya kupigia mayai. Mtu anayesoma orodha hiyo hudhani ni mchezo wa kitoto. Ukisikiliza, unatambua kwamba mnyororo na brashi havipewi kazi moja, na kwamba anajua ni lini anyamaze. Hapo ndipo nilipoona kosa langu la hotelini. Kitana changu kilikuwa na sauti nzuri, lakini mimi sikuwa nikiisikiliza; nilikuwa nikiwatazama wageni kuona kama wameshangaa.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kusikiliza. Chagua kifaa kimoja, kisha kitumie kwa mwezi mzima kabla ya kugusa kingine. Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo mbao ya chombo chake huku vidole vya mikono vikicheza nyuzi nane, na gitaa la benga, muziki wa dansi wa Kenya, limechota mengi humo. Nyimbo za George Mukabi, mpiga gitaa wa Kenya wa mtindo wa omutibo, zilisindikizwa kwa chupa ya Fanta. Wazee wetu walipokwangua chupa hakuna aliyewazimia amplifaya, labda kwa sababu hawakuwa nayo.

Ushauri wa pili ni kutodharau kupiga na wengine. Vijana hunitajia jina la Frith kana kwamba alizaliwa akiwa peke yake mezani, ilhali alianzisha bendi ya Henry Cow pamoja na Tim Hodgkinson chuoni Cambridge mwaka 1968 na kudumu nayo hadi ilipovunjika mwaka 1978. Mwaka uliofuata alihamia New York, akaunda bendi ya Massacre na Bill Laswell na Fred Maher, kisha Skeleton Crew na Tom Cora. Katika Naked City, bendi ya John Zorn, alipiga besi, ala ambayo wapiga solo wengi wa Nairobi wangeona ni kushushwa cheo. Tangu mwaka 1999 alifundisha utunzi katika chuo cha Mills, Oakland, Marekani, kwa karibu miaka 20. Nami nimefundisha watoto gitaa Buruburu na Lang'ata kwa miaka tisa, na mshahara huo ndio uliolipia meza yangu. Sitaki kusimulia miaka hiyo tisa. Ilikuwa do, re, mi na kudai karo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, rudi kanisani ukaombe nafasi ya kupiga rithimu, uipige kwa unyenyekevu, na usiku ukiwa nyumbani ulilaze gitaa na kulisikiliza. Acha kupima kipaji chako kwa nyuso za watu. Acha pia kinyongo, kwa maana mwenye kinyongo husikia maneno aliyoambiwa zamani badala ya kusikia uzi ulio mbele yake, na vijana wa siku hizi mnakifuga kinyongo kama mbwa wa ulinzi.

Yule kiongozi wa bendi nilimtumia mwaliko wa onyesho langu, pamoja na ramani ya ukumbi. Nilimwekea kiti safu ya pili, karibu na spika, na nikaendelea kukitazama hadi kipande cha tatu, ambapo mama mmoja aliyechelewa aliuliza kama kina mwenyewe, akakikalia.