Koloni moja, bakteria wa aina mbili: mchanganyiko unatoka wapi?

SWALI (Bukavu): Naotesha mkojo kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ya MacConkey, nachagua koloni moja (kishungu kimoja cha bakteria) na kuihamishia kwenye agari ya damu. Kesho yake nakuta aina mbili. Wakati mwingine hata sahani ambayo sikuipanda kitu inatoa madoadoa. Otoklevu yangu ya sufuria (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) naifikisha bari 1 kwa dakika 15, kama mwongozo unavyosema. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu, hayo ni makosa mawili tofauti. Kinachoota juu ya mstari uliochora kimeletwa na kitanzi (waya wa kupandia). Kinachoota nje yake kimetoka hewani, mkononi au ndani ya agari yenyewe.

Tuanze na otoklevu. Mwongozo huo umeandikiwa watu wa pwani. Saa ya presha hupima kinachozidi presha ya nje, na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi. Bari 1 hapo inakupa nyuzi 118 tu, si 121. Panda hadi bari 1.2 ikiwa chombo kimeruhusiwa kufika huko. Kama hakikuruhusiwa, usilazimishe, ongeza muda hadi dakika 30. Kabla ya kufunga vali, acha mvuke utoke mfululizo dakika 10, kwa sababu hewa iliyobaki ndani huinua mshale wa saa bila kuinua joto. Kisha tazama madoa yamekaa wapi: yaliyozama ndani ya agari yaliingia kabla haijaganda, mara nyingi pamoja na damu, ya juu tu aghalabu ni ya hewani. Funga dirisha na fanya kazi karibu na moto.

Sasa koloni yako. Chumvi za nyongo na kristali vayoleti za MacConkey huwazuia bakteria wa Gramu chanya (mojawapo ya makundi makuu mawili ya bakteria) wasikue, lakini si lazima ziwaue. Wanabaki kimya pembeni mwa koloni, na ukiwahamishia kwenye damu wanaamka. Kwa hiyo koloni ya MacConkey usiiite safi hata ikipendeza namna gani. Gusa kilele chake tu, usichimbe hadi kwenye agari, uchore upya kwenye agari isiyochagua (isiyozuia bakteria fulani), na urudie hadi sahani mbili mfululizo zitoe aina ileile.

Katika kuchora, yaani kusambaza bakteria kwa mistari sehemu moja ya sahani baada ya nyingine, wengi hupotea kati ya sehemu ya kwanza na ya pili. Choma kitanzi hadi kiwe chekundu, kigusishe pembeni pa agari kipoe (kikilia “chiii”, bado kinaua), kisha pitia mistari ya awali mara mbili au tatu tu. Sahani yenye majimaji huunganisha koloni zote: iache dakika 20 hadi 30 kwenye nyuzi 37, kifuniko kikiwa wazi kidogo, kabla ya kupanda. Baadaye otesha sahani ikiwa kichwa chini, saa 18 hadi 24.

Na ukiona utando wa mawimbi umefunika agari ya damu, huyo aghalabu ni Proteus, bakteria anayetambaa. Mrudishe kwenye MacConkey au CLED (agari nyingine ya kuoteshea mkojo), huko hatambai.