Shimo Refu, Herufi Tano: maswali yenu ya fumbo la maneno

Fumbo la wiki iliyopita limeniletea ugomvi, hasa kutoka Lindi. Nianze na huo.

Kulia namba 7 umeandika "Shimo refu (5)" na jibu ukatoa LINDI. Sisi tumekukosea nini? (Msomaji, Mtanda, Lindi)

Hamjanikosea, watani zangu. Sikuandika "mji". Neno limo kamusini kwa herufi ndogo: lindi, wingi malindi, shimo lenye kina. Wala halijafa. Kila mwanasiasa akipanda jukwaani huahidi kututoa kwenye lindi la umaskini, na watunzi wa hadithi hawachoki kutumbukiza watu kwenye lindi la mawazo. Hapo ndipo pa kulikamatia. Maneno mengine hayaji kichwani peke yake, huja na wenzake. Ukikwama kwenye shimo, jiulize watu husema "shimo" la nini na la nini, kisha sikiliza ni neno gani lingine hukaa mahali pake. Kisima kina herufi sita, kingekukatalia mapema.

"Tunda la mkorosho (4)". KOROSHO haiingii! (Mkulima, Tandahimba)

Mzee wangu, shikamoo. Mtu wa Tandahimba unaniuliza mimi? BIBO. Vijumba vingekuwa vitano ningetaka KANJU. Najua wataalamu wa mimea watanikaba koo: kwao bibo ni kikonyo kilichovimba, na tunda halisi ni ile korosho inayoning'inia chini yake. Sawa. Ila fumbo hufuata kamusi na midomo ya watu, na sijamsikia mtu akikamua uraka, kile kinywaji cha mabibo, akasema anakamua vikonyo.

MING'OKO ina vijumba vingapi? Ile ritifaa (') nayo ina chake? (Newala)

Haina. Saba. CH, SH na NY nazo, kila herufi kwake. Na sasa nina njaa ya ming'oko, vile viazi vya porini.

Chini namba 12, "Nguo, chuma na nazi (3)". Nimeshindwa kabisa. (Dada wa Masasi)

Dada, ulikuwa unatafuta kitu, na mimi nilitega tendo. Vitu vitatu visivyofanana vikipangwa pamoja, uliza vinafanywa nini. Nguo hufuliwa mtoni, chuma hufuliwa na mhunzi, nazi hufuliwa kwenye kifuo hadi makumbi yatoke. FUA. Herufi ni tatu kwa sababu kamusi zetu hupanga vitenzi bila KU-. Utaikuta kwenye F, na mimi ninahesabu vijumba hivyo hivyo. (Ndiyo, "hakufua dafu" imetoka huko huko kwenye kufua nazi. Dafu lina makumbi mabichi, kulifua kunataka mkono.) Jiwekee na PAA akiba: juu ya nyumba, mnyama wa porini, kwenda angani, na kile wanachofanyiwa samaki changu pale Mikindani kabla ya kuingia kikaangoni. Huyo nitamtega siku moja.

"Ulirudisha majahazi Arabuni (4)". Nimejaza KASI. (Kilwa Masoko)

Kilwa! KUSI. Upepo wa kaskazi uliyaleta, wa kusi ukayarudisha. Ungesoma "u-" mwanzoni mwa "ulirudisha" ungejua natafuta upepo, maana kasi ingekuwa "ilirudisha". Ngeli hunisaliti mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Mwanangu wa darasa la nne anauliza kwa nini gazeti limeandika KULIA na hakuna aliyefiwa. (Baba, Chikongola, Mtwara)

Mtoto huyo nimempenda. Mwambie kuna mkono wa kulia, kuna kulia machozi, na kuna kijiko cha kulia wali. Wiki ijayo nitaandika "Upande, machozi na kijiko (5)". Hapo KU- itabaki, kwa sababu upande wa kulia hauwezi kuiacha. Mwache ajaze mwenyewe, baba, usimshikie kalamu.