SLD iko sawa ila LMDB inaonyesha vitu vya ajabu: yaliyonikuta Kigoma na nilivyoyamaliza

Wakuu habari za jioni. Nafupisha swali la mleta mada kwa waliochelewa: ofisini kwao wanatumia SAP (programu za kuendeshea kampuni), SLD (daftari la sistimu zote za SAP) inaonyesha sistimu zote vizuri tu, ila kwenye Solution Manager, ile sistimu ya SAP ya kusimamia sistimu nyingine, ndani ya LMDB (daftari lake yenyewe), kuna sistimu zinaonekana mbili mbili, na sava mpya waliyoifunga wiki tatu nyuma haipo kabisa, halafu jobu la kusinki (la kukopi taarifa kutoka SLD kwenda LMDB) kila akilicheki linasema limemaliza salama. Mdau mmoja hapo juu kamshauri afute kila kitu kwenye LMDB aanze moja. Mkuu usifute kwanza, hayo ni magonjwa mawili tofauti na mimi yote mawili yamenipata huku Kigoma, ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Kazi yangu ni SAP Basis, yaani kuzifunga na kuzitunza hizo sistimu za SAP, mwaka wa kumi na moja huu, kwenye kampuni ya usafirishaji ambayo jina naliacha. Makao makuu Dar, sisi tawi la huku tunashughulika na mizigo inayokuja kwa reli na kwa malori mpaka bandarini afu inavuka ziwa kwenda Bujumbura na Kalemie. Enzi hizo mawasiliano yalikuwa yanakatika sana kwahiyo waliotufungia sistimu ya tawi wakaona Kigoma iwe na SLD yake, Dar nao wakawa na yao. Hapo ndo ugonjwa wa kwanza ulipoanzia.

Kwa ambao hawaijui, SLD ni daftari. Kila sistimu ya SAP inajiandikisha humo yenyewe, ya ABAP (zile zilizoandikwa kwa lugha ya SAP yenyewe) unaiweka sawa kwa RZ70, skrini ya mipangilio ya kutuma taarifa SLD, inakuachia jobu linaitwa SAP_SLD_DATA_COLLECT ambalo kwa kawaida linatuma taarifa kila baada ya saa 12: hosti inaitwaje, databesi gani, programu zipi zimefungwa na ziko toleo lipi. LMDB nayo ni daftari, ila la pili, lipo ndani ya Solution Manager tangu 7.1 (kabla ya hapo tulikuwa na SMSY, daftari la zamani la kazi hiyo, wakongwe mnaikumbuka) na lenyewe kazi yake kubwa ni kukopi kutoka SLD. Ila wanaosoma wote wanasoma hilo la pili. Ufuatiliaji wa sistimu unasoma LMDB, ripoti za afya ya sistimu zinasoma LMDB, ukitaka kupandisha toleo Maintenance Planner (zana ya SAP ya kupanga hiyo kazi) nayo inachukua taarifa zilizotoka LMDB. Sisi tuliwahi kupanga usiku mzima wa kupandisha toleo, malori yameshasimamishwa getini, tukagundua saa sita usiku kwamba mpango umetengenezwa kwa rekodi ya zamani ya sistimu yetu, tukaahirisha na madereva wakalala barabarani na mizigo ya watu. Ndo maana hili jambo nalichukulia kwa uzito.

Sasa hizo mbili mbili. Sistimu yetu tuiite PRK. Tulivyohama jengo la zamani kwenda bandarini sava ilibadilishwa jina la hosti. Kumbe SLD haiitambui sistimu kwa herufi tatu za jina lake peke yake, inaitambua kwa herufi tatu pamoja na hosti, yaani ndani kabisa jina lake limekaa PRK.SystemHome halafu jina la hosti. Ukibadilisha hosti, kwa SLD amezaliwa mtu mpya, na yule wa zamani hafi, anabaki humo mpaka uende umfute kwa mkono wako. LMDB ikiona PRK wawili inabidi iwatofautishe, mmoja inamwacha PRK mwingine inamwita PRK00001. Mleta mada ukiona namba za hivo mwishoni mwa majina yenu, ndo hicho kitu.

Mimi nikafanya ambacho kila mtu angefanya, nikafuta ile ya zamani kwenye LMDB na kwenye SLD ya Dar. Ikatulia kama miezi miwili. Siku wenzangu wa Dar wamefanya sinki nzima (LMDB kusoma SLD yote upya) kwa sababu zao nyingine, asubuhi nafungua, PRK00001 huyu hapa tena.

Ilinichukua siku kadhaa kujua katokea wapi. SLD ya Kigoma ilikuwa inapeleka nakala Dar, sawa, ndo ilivyopangwa, ila kuna mtu alishawahi kuiunganisha LMDB moja kwa moja na SLD ya Kigoma pia, akaona ni usalama zaidi. Kwahiyo taarifa ya sistimu moja ilikuwa inaingia LMDB kwa milango miwili, mlango wa Dar na mlango wa Kigoma, na mimi nilikuwa nimefuta upande mmoja tu. Mzee wa zamani alikuwa bado amekaa SLD ya Kigoma anasubiri kuitwa.

Kuna watu watakwambia tatizo la milango miwili unalimaliza kwa vyeo, maana kweli kila daftari linapewa cheo cha namba na taarifa zikipingana chenye cheo cha juu ndo kinashinda. Mimi sikubaliani na matumizi hayo. Cheo kinaamua nani asikilizwe pale wawili wanapobishana juu ya kitu kimoja, ila hapa hawabishani, kila mmoja analeta mtu wake. Dawa ni kufunga mlango. Tukakata muunganiko wa LMDB na SLD ya Kigoma, Kigoma ikabaki inapeleka Dar tu na LMDB inasoma Dar tu, halafu ndo nikafuta rekodi ya zamani SLD zote mbili, Kigoma kwanza, Dar ikafuata, LMDB mwisho. Kabla ya kufuta chochote angalia tarehe ya mara ya mwisho rekodi ilipopokea taarifa. Ya kwetu iliyo hai ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo, iliyokufa ilikuwa ya mwaka juzi yake, hapo huna wasiwasi unafuta nani.

Tuje kwenye sava isiyoonekana, hii ndo iliyoninyima usingizi.

Tulifunga sistimu mpya ya mizani bandarini. RZ70 nikaiweka, ikatuma, nikaingia SLD ya Dar nikaiona ipo na kila kitu chake. LMDB hakuna. Nikasubiri, kwetu jobu la kusinki linapita kila dakika 10, likapita na kupita, kijani tupu. Nikacheki yuza na paswedi, nikacheki mlango wa netiweki, nikarudia RZ70 mara sijui ngapi, nikawasumbua watu wa netiweki wa Dar mpaka wakawa hawapokei simu zangu. Wiki mbili. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba ukifungua logi ya lile jobu la kijani unakuta mabadiliko yaliyosomwa ni sifuri, zamu zote sifuri, na sikujua nikifanyie nini.

Jumamosi moja nikaenda Kibirizi kwa mjomba, yeye ana mitumbwi na anapokea dagaa za wavuvi wengine pale ufukweni. Ilikuwa kipindi cha mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani, kwahiyo ndo siku zao za kukaa na kufunga hesabu. Nikamkuta anagombana na kijana wake wa duka la Mwanga. Utaratibu wao uko hivi: Kibirizi kuna daftari kubwa, kila ndoo zikipokelewa zinaandikwa mstari mmoja wenye namba, 1, 2, 3 na kuendelea, jina la mvuvi na ndoo ngapi. Kijana wa Mwanga ana daftari lake, kila jioni anakuja, anaangalia jana aliishia namba ngapi, anakopi kuanzia inayofuata. Yaani kila kitu kinategemea ile namba aliyoishia.

Sasa mvua ilikuwa imeingia bandani, daftari la Kibirizi likaloa, kurasa za mwisho zikawa uji. Mjomba akachukua daftari jipya, akakopi zile kurasa zilizopona ambazo ziliishia mstari wa 212, akaendelea na wavuvi wa siku hiyo kuanzia 213. Kijana yeye alishakopi mpaka 240 kabla ya mvua. Akija jioni anaangalia, mimi niliishia 240, daftari liko 219, basi hakuna kipya, anafunga anaondoka. Kesho yake hivohivo, hakuna kipya. Mistari 28 ya watu halisi na ndoo zao haikuingia duka la Mwanga, na kijana hajadanganya wala hajalala, kafuata utaratibu vilevile alivyofundishwa. Wavuvi walipokuja kudai ndo ikajulikana.

Nilisimama pale na lile daftari mkononi, kurasa zimevimba na wino wa bluu umechuruzika mpaka pembeni, nikampigia simu mwenzangu wa Dar hapohapo nikamuuliza swali moja tu, je ile sava yenye SLD mmewahi kurudisha bakapu karibuni? Akasema ndio, diski ilikufa mwezi uliopita, tukarudisha bakapu ya siku nne nyuma, mbona ilikuwa fasta na hakuna aliyelalamika.

Ndo hiyo wakuu. LMDB haisomi SLD yote kila dakika 10, haiwezi, inakumbuka namba ya badiliko la mwisho ililolisoma na kuomba yale ya mbele yake tu. Ukirudisha bakapu SLD inarudi nyuma kwenye kuhesabu, LMDB inabaki mbele, na kila kitakachoandikwa SLD kwa namba ambazo LMDB inaona ilishazipita hakitasomwa. Jobu litakuwa kijani kwasababu halijakosea popote. Na ubaya wake mwingine, siku SLD ikifikia ile namba vitu vinaanza kuingia tena vyenyewe, mnadhani imepona, kumbe katikati kuna pengo ambalo halitajazwa na mtu.

Dawa yake ni sinki nzima kutoka SLD kwenda LMDB, isome kila kitu upya bila kuangalia ilipoishia. Sio kufuta LMDB, mleta mada tafadhali, ukifuta unapoteza na vitu vilivyojengwa juu ya zile rekodi, mipango ya ufuatiliaji, mgawanyo wa sistimu kwa bidhaa, yote hayo. Kwetu sinki nzima ilianza Ijumaa saa mbili usiku ikaisha Jumamosi saa saba na kitu mchana, kwahiyo panga wikiendi, chukua bakapu ya Solution Manager kabla, na waambie wenzako wasiguse chochote SLD humo katikati. Ilipoisha sava ya mizani ilikuwepo, na vitu vingine sita ambavyo hatukujua kwamba vinakosekana.

Ila angalia mpangilio, hapa ndo watu wanaumia. Wewe una magonjwa yote mawili kwa pamoja. Ukikimbilia sinki nzima leo sava yako itaonekana, ila na wafu wote waliobaki SLD wataingia nao, maana sinki nzima haichagui. Kwahiyo anza na milango, jua LMDB yenu inasoma SLD ngapi na kila sistimu iingie kwa njia moja tu, kisha safisha rekodi zilizokufa kwenye SLD zote, halafu ndo sinki nzima. Mimi nilifanya kwa mpangilio huo kwa bahati tu kwasababu magonjwa yalinijia kwa zamu.

Kujua kama na wewe una tatizo la bakapu usisubiri sava mpya. Chagua sistimu moja SLD, badilisha maelezo yake, ongeza neno moja tu, subiri jobu lipite mara mbili, kaangalie LMDB. Neno lisipofika na jobu likawa kijani, hesabu zenu hazilingani. Sisi siku hizi kila SLD ikirudishwa kutoka bakapu hilo jaribio linafanyika siku hiyohiyo, limeandikwa kwenye karatasi ya hatua za kurudisha na limebandikwa ukutani chumba cha sava Dar, nimelibandika mwenyewe nilipoenda likizo.

Kitu kingine cha jirani na hicho, mkikopi sava nzima yenye SLD mkatengeneza ya majaribio, hakikisheni jina la obijekti sava (jina ambalo SLD inajitambulisha nalo) kwenye ile kopi mmelibadilisha kabla hamjaiunganisha na chochote. Hilo jina linatakiwa liwe la kipekee, madaftari mawili yakijiita jina moja mtaokota taarifa za ajabu na hamtajua zimeandikwa na nani.

Na yule mdau aliyesema hakuna haja ya kuhangaika kwasababu Solution Manager 7.2 matengenezo yake ya kawaida yanaisha mwisho wa 2027, mkuu mpaka siku hiyo kuna kazi za watu zinapita humo kila siku, na hata mkihamia kwingine bado mtaulizwa mna sistimu zipi na ziko toleo gani.

Mleta mada, rudi na majibu matatu: LMDB yenu imeunganishwa na SLD ngapi, zile mbili mbili majina kamili ya hosti zake ni yapi (badilisha herufi usianike ya ofisi), na kama kuna mtu karudisha bakapu ya SLD ndani ya mwezi mmoja na nusu uliopita. Hilo la tatu usimuulize bosi, muulize anayeshika sava usiku. Nipo online mpaka saa nne, umeme ukiwepo.