Maswali ya Wasomaji: Mawe Yaliyoota Bila Kuchorwa

SWALI: Natengeneza mchezo wa boti za wavuvi. Mwambao kuanzia Nyegezi hadi Capri Point nimeuchora kwenye GIMP, programu ya kuchora picha: pikseli moja ni kigae kimoja cha ramani ya mchezo, bluu maji, njano mchanga, kijivu mawe. Mchezo ukifunguka, mawe yamejipanga kati ya maji na mchanga mwambao mzima, boti hazipati pa kutia nanga. Sikuyachora! – Msomaji, Nyegezi

JIBU: Mwanza haina uhaba wa mawe, ila hayo yametoka kwenye brashi. Brashi hulainisha kingo. Bluu (0, 0, 255) ikikutana na njano (255, 255, 0), mpakani hubaki pikseli za mchanganyiko, na nusu kwa nusu ya rangi hizo ni 128, 128, 128: kijivu chako chenyewe. Kama msimbo wako huchagua rangi iliyo karibu zaidi, hata pikseli ya 110 au 150 itahesabiwa jiwe. Kuza picha hadi asilimia 800, utauona mstari huo.

Chora upya ufuo kwa penseli (bonyeza N), si brashi. Kwenye vifaa vya kuchagua eneo na kwenye ndoo ya rangi, ondoa tiki ya kulainisha kingo; hapo ndipo wengi hunaswa, maana penseli wameshaishika. Kisha geuza picha iwe ya paleti (yaani itumie rangi zilizoorodheshwa tu), kwa paleti yako mwenyewe ya rangi tatu, bila kutawanya nukta (dithering). Usianze na hatua hii: pikseli chafu zitageuka mawe halisi, usijue lipi ulichora na lipi limejizalia.

Ushauri wetu hasa: badilisha rangi ya mawe iwe waridi kali (255, 0, 255). Haifanani kabisa na Bismarck Rock, jiwe maarufu la Mwanza, lakini ramani hii inasomwa na mchezo, si na mtalii, na bluu na njano hazichanganyiki zikatoa waridi.

Hifadhi kwa PNG. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuchafua rangi zilizo jirani, hata ukiweka ubora 100.

SWALI: Ramani yangu ya Ukerewe ni 256 kwa 256. Naikuzaje bila ukungu?

JIBU: Kwenye dirisha la kubadili ukubwa, zima ukadiriaji wa rangi (interpolation), na uzidishe kwa namba nzima: 512 au 768. Ukienda 400, baadhi ya pikseli zitarudiwa na nyingine hapana. Mlango wa maji wenye upana sawa utatoka mpana huku, mwembamba kule.