Tenda ya madaftari bila kuwa na duka

Dadangu, umeuliza kama mtu wa Amu (Lamu) asiye na duka anaweza kuomba tenda ya kupeleka madaftari na karatasi kwa kaunti. Anaweza. Uwe na biashara iliyosajiliwa, PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na cheti cha kuonyesha huna deni la kodi. Chukua na cheti cha AGPO, mpango wa kuwapa makundi maalum nafasi katika tenda za serikali: asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Cheti chenyewe ni bure, kwa hiyo anayekudai hela ya "kukusaidia", mkimbie.

Kazi iko kwenye bei. Mara yangu ya kwanza nilichukua bei ya jumla ya Mombasa, nikaongeza nauli ya lori hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, nikajiona mjanja. Kumbe nimesahau boti, wachukuzi wa gatini, na punda wa kupandisha katoni mpaka mtaa wa Langoni kisiwani. Katoni mbili zikalowa maji ya chumvi, kamati ya ukaguzi ikazikataa, nikanunua nyingine kwa pesa yangu. Faida yote ikaenda na maji.

Halafu usitoe hata daftari moja bila LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza mzigo, mkononi, afisa akikuapia vipi. Ukishapeleka, baki na nakala ya hati ya kupokea mzigo, iwe na sahihi na muhuri. Malipo huweza kuchukua miezi, basi mkopo wa riba ya kila mwezi usiuguse. Mimi niliongea na muuzaji wa jumla anipe nusu ya mzigo kwa deni.