Jibu: Mlimau wangu Nyamasaria umegeuka manjano

Dada, umesema majani yaligeuka manjano mvua ndefu zilipoanza, na chini kunachipuka matawi ya miiba mirefu. Usikimbilie mbolea tena. Udongo mweusi wa huko kwenu, uwanda wa Kano karibu na Kisumu, hutuamisha maji, na mizizi ya mlimau ikikosa hewa huoza. Chimba mtaro maji yatoke. Samadi uliyorundika shinani iondoe leo. Gome likishinda limelowa huoza, utaona utomvu wa kahawia ukivuja kama gundi. Samadi hiyo isambaze mbali kidogo, chini ya ncha za matawi.

Matawi hayo ya miiba, yakitoka chini ya kovu la kuunganishia, pale mlimau ulipopandikizwa juu ya shina la mti mwingine, si ya mlimau ulionunua, ni ya shina hilo la chini. Yang'oe kwa mkono yangali machanga, ukikata tu yanarudi. Ukiyaacha yataumeza mti wenyewe, na limau za matawi hayo, mara nyingi, ngozi tupu.